Tokeni ya Benki Inapohamia Kwenye Simu: Somo kwa Watia Sahihi wa Vikundi

Ikiwa wewe ni mwenyekiti, katibu au mweka hazina wa kikundi, wa mradi wa maji, wa chama cha ushirika au wa bodi ya shule, huenda benki imewahi kukukabidhi kile kidude kidogo cha plastiki chenye kioo chembamba, ambacho wengi hukitundika pamoja na funguo za nyumba. Ukikibonyeza, kinatoa tarakimu sita. Unaziandika kwenye tarakilishi na malipo ya kikundi yanapita. Benki kadhaa nchini zimekuwa zikikiondoa kidude hicho na kuwataka wateja wao watumie apu ya simu. Barua ya benki huwa fupi: pakua apu, jisajili, rudisha tokeni ya zamani. Haielezi ni kitu gani hasa kinachohama, wala kikundi kinapaswa kubadilisha nini katika mazoea yake.

Somo la toleo hili linashughulikia hayo mawili. Tumewafikiria hasa wakazi wa maeneo kama Ruiri, ambako kikundi cha wakulima kinaweza kuwa na akaunti yenye fedha za watu hamsini, huku tawi la benki likiwa mjini Meru au Isiolo. Kwa watu hawa mabadiliko haya ni nafuu kubwa, kwa kuwa tokeni ikifa hakuna tena kupanda matatu kwenda kungojea nyingine. Ila yana jambo moja linalohitaji kujadiliwa katika mkutano wa wanachama kabla mtu yeyote hajapakua chochote, nalo tutalifikia.

Tokeni ipi?

Neno lenyewe linachanganya. Kwa wengi wetu tokeni ni ya stima: unalipa, unapokea tarakimu 20, unaziingiza kwenye mita. Tokeni ya benki ni kitu kingine, lakini mita ya stima inatusaidia kuielewa. Umewahi kujiuliza mita inajuaje kwamba zile tarakimu 20 ni zako na si za jirani? Mita ya kawaida ya kulipia kabla haihitaji intaneti ili izitambue. Inazitambua kwa sababu ina ufunguo wa siri ndani yake, na Kenya Power inao ufunguo huo pia. Mtakumbuka kwamba mwaka 2024 wateja walitakiwa, kabla ya Novemba 24, kuingiza mafungu mawili ya ziada ya tarakimu 20 kabla ya lile la umeme wenyewe. Wengi walilalamika bila kuambiwa ni za nini. Yale mafungu mawili yalikuwa yakibadilisha ufunguo ulio ndani ya mita.

Tokeni ya benki inafanya kazi kwa wazo hilohilo, ila mwelekeo umegeuzwa. Kwenye stima, kampuni inatoa tarakimu na mita inazikagua. Kwenye benki, kidude chako ndicho kinachotoa tarakimu, na benki ndiyo inayozikagua. Kidude kina siri iliyowekwa ndani, na benki imehifadhi nakala yake. Kinaichanganya siri hiyo na saa, au na hesabu ya mara ulizobonyeza, na kutoa tarakimu sita. Benki inafanya hesabu ileile upande wake. Zikilingana, inaamini kwamba aliyeziandika anakishika kidude hicho.

Apu ya simu inafanya hesabu hiyo bila tofauti. Utaratibu unaotumiwa na apu nyingi za aina hii ulichapishwa mwaka 2011, na kwa kawaida tarakimu hubadilika kila sekunde 30. Google Authenticator na Microsoft Authenticator zinaufuata, na baadhi ya benki zimeweka kitu cha namna hiyo ndani ya apu zao wenyewe. Kinachohama, basi, ni ile siri: inatoka kwenye plastiki na kuingia kwenye simu yako.

Hapo yanafuata mambo mawili ambayo watu huyashangaa. La kwanza, apu ya tarakimu haihitaji bando wala mtandao ili itoe tarakimu. Ukiwa bondeni ambako simu haishiki, tarakimu zitaendelea kubadilika. Kinachohitaji intaneti ni ile tarakilishi au simu unayolipia. La pili, saa ya simu ikiwa mbele au nyuma kwa dakika kadhaa, tarakimu zitakataliwa hata kama kila kitu kingine ni sahihi. Kabla ya kulaumu benki, ingia kwenye mipangilio ya simu na uhakikishe kwamba tarehe na saa zinajiweka zenyewe.

Plastiki haikuwa ulinzi

Wapo wazee wa vikundi wanaosema kwamba kidude unakiona kwa macho, unakifungia sandukuni, kwa hiyo ni salama kuliko simu. Hoja hiyo ina uzito wake, lakini si wote. Mwezi Machi 2011 kampuni ya RSA ya Marekani, iliyotengeneza tokeni maarufu za SecurID, ilitangaza kwamba wadukuzi wameingia katika mitambo yake na kuchukua habari zinazohusu tokeni hizo. Miezi michache baadaye kampuni ya silaha na ndege ya Lockheed Martin ilishambuliwa, na RSA ikakiri kwamba habari zilizoibwa kwake zilitumika katika shambulio hilo. Mwezi Juni ilijitolea kuwabadilishia wateja tokeni zao. Wakati huo tokeni zake zilizokuwa zikitumika duniani zilikadiriwa kuwa milioni 40. Hakuna aliyekuwa amevunja nyumba ya mtu au kuiba funguo mfukoni.

Funzo kwa mtia sahihi wa Ruiri ni kujua siri iko wapi na nani ameiona. Benki au tovuti inapokuonyesha ule mchoro wa mraba wenye vidoadoa vyeusi na kukuambia uuelekezee kamera ya simu, mchoro huo ndio siri yenyewe. Yeyote atakayeupiga picha anaweza kutengeneza tarakimu zilezile kwenye simu yake, leo na mwaka ujao, nawe hutajua. Kwa hiyo usimwombe kijana wa cyber akusaidie kuuskani kwa simu yake. Usiutume kwenye kundi la WhatsApp ili mwenyekiti naye awe nao. Usiuchapishe na kuuweka kwenye faili la kikundi. Tunalisema hili kwa mkazo kwa sababu mtu anayeficha PIN ya M-Pesa hata kwa mkewe anaweza kuutuma mchoro huu bila wasiwasi wowote. Haufanani na siri. Unafanana na tangazo.

Droo ya katibu

Sasa tufike kwenye lile jambo la mkutano.

Akaunti ya kikundi huwa na watia sahihi watatu, na malipo huhitaji wawili au wote. Mmoja anaandaa malipo, mwingine anayaidhinisha. Mpango huo haukubuniwa ili kuwasumbua watu. Ulibuniwa ili hakuna mtu mmoja, hata awe mwaminifu kiasi gani, anayeweza kuhamisha fedha za wengine peke yake.

Tokeni ya plastiki iliurahisisha mpango huo kuvunjwa. Chukulia mfano wa kikundi cha wakulima wa nyanya na vitunguu. Mwenyekiti anaishi mbali na barabara, mweka hazina anashinda shambani, na katibu ndiye anayejua tarakilishi. Mwezi wa kwanza wanakutana wote kulipa. Mwezi wa pili mweka hazina anasema, "Katibu, kaa na yangu, nitakupigia." Mwezi wa tatu tokeni zote tatu ziko kwenye droo ya katibu, pamoja na maneno ya siri yaliyoandikwa kwenye karatasi. Kwenye rekodi za benki watu watatu wanaidhinisha. Kwa kweli ni mtu mmoja aliyeketi na vidude vitatu.

Katibu huyo anaweza kuwa mtu mwema kabisa. Lakini fedha zikipotea, yeye ndiye wa kwanza kushukiwa na hana namna ya kujitetea, huku wale wawili wengine wakigundua kwamba majina yao yapo kwenye kila malipo. Mikataba ya benki kwa kawaida humtaka kila mtia sahihi atunze tokeni na neno lake la siri mwenyewe, na benki inaweza kukataa dai la kikundi kilichoviacha mikononi mwa mwingine. Kwa upande wa sheria, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandaoni ya mwaka 2018, kifungu cha 19, inasema kwamba mtu anayetoa neno la siri au tarakimu za kuingilia mfumo kwa kujua na bila idhini anatenda kosa. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili.

Apu ya simu inaivunja droo hiyo. Mtu hawezi kumwachia katibu simu yake wiki nzima, maana ndiyo anayopokelea M-Pesa, ndiyo anayopigia watoto, ndiyo tochi yake. Kwa maoni yetu hii ndiyo faida kubwa kuliko zote za kuhamia kwenye apu, ingawa benki hazikuikusudia hivyo. Kila mtia sahihi analazimika kuidhinisha mwenyewe, popote alipo.

Vikundi vingine vitatafuta njia ya mkato. Vitanunua simu moja ya kikundi, viweke apu za wote watatu humo, na kuirudisha kwenye droo ileile. Au katibu atasajili akaunti zote tatu kwenye simu yake kwa sababu wenzake hawajui kutumia apu. Hilo ndilo linalopaswa kuzungumzwa mkutanoni na kuandikwa kwenye kumbukumbu: kila mtia sahihi atasajili simu yake mwenyewe, mbele yake mwenyewe. Kama kuna asiyeweza, kikundi kichague: afundishwe, abaki na kidude cha plastiki ikiwa benki inaruhusu, au achaguliwe mtia sahihi mwingine. Jambo hili lina aibu yake, hasa kwa mzee aliyekianzisha kikundi na ambaye simu yake ni mulika mwizi. Apu hizi haziwezi kukaa kwenye simu ya namna hiyo. Mwulizeni kwa heshima, faraghani, kabla ya siku ya mkutano. Msimwache aligundue mbele ya watu. Uenyekiti na utiaji sahihi si lazima viende pamoja. Mzee anaweza kuendelea kuongoza huku mwanachama mwingine akiidhinisha malipo, kama katiba ya kikundi na benki zinaruhusu.

Tofauti na tarakimu za ujumbe mfupi

Wengine watasema, mbona M-Pesa na huduma za serikali hunitumia tarakimu kwa ujumbe mfupi, na hilo linatosha? Tarakimu za ujumbe mfupi ni bora kuliko neno la siri pekee. Udhaifu wake ni kwamba zinafuata laini ya simu, si simu yenyewe. Tapeli akifanikiwa kuibadilisha laini yako, yaani nambari yako ihamie kwenye kadi iliyo mkononi mwake, jumbe zote zitaenda kwake, na wewe utaona tu kwamba simu imepoteza mtandao. Tarakimu za apu hazipiti kwenye laini. Laini ikiibwa, apu inabaki kwako.

Wale ambao bado wanapokea tarakimu kwa ujumbe mfupi wana kinga wanazoweza kuchukua leo. Mteja wa Safaricom anaweza kupiga *100*100# ili laini yake isibadilishwe na mawakala bila yeye mwenyewe kufika. Kila mkazi pia anaweza kupiga *106# na kuona laini zilizosajiliwa kwa nambari ya kitambulisho chake. Ukikuta laini usiyoijua, dai iondolewe. Na simu ikipoteza mtandao ghafla huku za wenzako zikishika, usingoje kesho. Tumia simu ya jirani kuipigia kampuni ya simu, kisha benki.

"Mama, nisomee hizo tarakimu"

Apu haimzuii mtu kuzitoa tarakimu kwa mdomo wake. Simu ya utapeli huwa na mwendo huu:

"Habari ya mchana, mama. Unaongea na ofisi ya usalama ya benki. Kuna mtu anajaribu kutoa shilingi elfu themanini kwenye akaunti ya kikundi chenu. Tunataka kuzuia."

"Ehe, ni nani huyo?"

"Ndiyo tunachunguza, mama. Fungua ile apu, nisomee hizo tarakimu sita nisimamishe hayo malipo. Haraka tafadhali, zinabadilika."

Angalia jinsi anavyoitumia ile haraka ya sekunde 30 kama fimbo. Wakati mama anazisoma, mwenzake tapeli anaziandika kwenye ukurasa wa benki. Benki haina haja ya kukuuliza tarakimu hizo kwa simu, maana inaweza kuzikokotoa yenyewe. Ukisikia mtu anazihitaji, huyo si benki. Kata, kisha piga wewe mwenyewe nambari iliyo nyuma ya kadi au kwenye taarifa ya benki.

Tovuti bandia hufanya vivyo hivyo bila sauti. Ukurasa unafanana na wa benki, unaandika neno la siri, unaandika tarakimu, na ndani ya sekunde chache zimepelekwa kwenye ukurasa halisi. Hapa apu na kidude cha plastiki cha tarakimu ni sawa, vyote vinashindwa. Ipo aina ya tatu, ufunguo unaochomekwa kwenye tarakilishi au kugusishwa kwenye simu, ambao hukagua anwani ya tovuti kabla ya kukubali, na kwenye tovuti bandia hukataa. Mwaka 2018 Google ilisema kwamba tangu mapema 2017, ilipoanza kuwataka wafanyakazi wake zaidi ya 85,000 watumie funguo hizo kazini, hakuna akaunti ya kazi iliyothibitishwa kutekwa kwa njia hiyo. Kwa hiyo anayekuambia kwamba apu ni bora kuliko kila kitu kinachoshikika mkononi hajasema kweli yote. Apu ni bora kuliko kile kidude cha tarakimu sita kilichokuwa kwenye droo. Kwa akaunti ya kikundi cha kawaida inatosha, mradi anwani ya benki uiandike mwenyewe, usiifuate kutoka kwenye ujumbe.

Apu nyingine hazitoi tarakimu. Zinaleta swali kwenye kioo cha simu: unakubali au unakataa? Ni rahisi mno, na ndio ubaya wake. Mwezi Septemba 2022 mdukuzi aliyekuwa na neno la siri la mtu aliyefanyia kazi kampuni ya Uber alijaribu kuingia tena na tena, kila jaribio likipeleka ombi kwenye simu ya mtu huyo. Mwanzoni aliyakataa. Mwishowe akakubali moja, na mdukuzi akaingia katika mifumo ya kampuni. Mweka hazina aliyeshika jembe, mikono ina udongo, anaweza kubonyeza "Kubali" ili simu inyamaze. Kanuni ya kikundi iwe kwamba malipo hayaidhinishwi hadi aliyeyaandaa apige simu kwanza na kutaja anayelipwa, kiasi na sababu. Ombi lisilo na simu linakataliwa, na wenzake wanaarifiwa siku hiyohiyo, kwa sababu maana yake ni kwamba mtu tayari analo neno la siri.

Simu inapopotea, inapofungwa au inapouzwa

Kidude cha plastiki kilikuwa na adui mmoja mkubwa, betri, ambayo huisha baada ya miaka michache na kwa kawaida haibadilishwi. Simu ina maadui wengi. Huanguka kwenye ndoo ya maji. Huibwa sokoni. Watoto huichezea. Na kuna lile ambalo vikundi havilifikirii kabisa: simu nyingi za kisasa siku hizi hununuliwa kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo, na malipo yakikosekana kampuni huifunga. Simu ya mweka hazina ikifungwa kwa deni lake binafsi, malipo ya kikundi nayo yamefungwa. Mtia sahihi ambaye simu yake iko kwenye mkopo aliseme hilo mapema. Si dhambi, ni jambo la kupangiwa.

Kabla ya kuuza simu au kumpa mtoto ya zamani, hamisha apu kwanza. Mpangilio ni huu: nunua simu mpya, hamisha, jaribu kuingia kwa simu mpya, kisha ndipo ufute ya zamani. Watu wengi hufuta kwanza. Google Authenticator ina njia ya kuhamisha akaunti kutoka simu hadi simu, na tangu Aprili 2023 inaweza kuhifadhi nakala kwenye akaunti yako ya Google. Ukichagua nakala hiyo, ujue kwamba anayeingia kwenye akaunti yako ya Google amekaribia tarakimu zako zote. Apu za benki kwa kawaida hazihamishwi namna hiyo. Unajisajili upya, wakati mwingine tawini ukiwa na kitambulisho.

Huduma nyingi hukupa pia tarakimu za akiba unapoanza. Google, kwa mfano, hutoa kumi, na kila moja hutumika mara moja. Ziandike kwenye karatasi uiweke mahali unapoweka hati ya shamba. Ukizipiga picha na kuziacha kwenye simu ileile, zitapotea pamoja nayo.

Usiisahau barua pepe ya kikundi. Mara nyingi ndiyo anwani ambayo benki hutumia, na neno lake la siri linajulikana na kila aliyewahi kuwa katibu tangu kikundi kianze. Anayeingia kwenye barua pepe hiyo anaweza kuomba neno jipya la siri la huduma nyingine. Badilisha neno hilo na uiwekee apu ya tarakimu kabla hata hujaenda benki.

Makabidhiano

Tokeni ya plastiki ilikabidhiwa pamoja na mhuri na vitabu. Mtu alitoka ofisini, akaiweka mezani, basi. Simu haikabidhiwi, na hapa vikundi vinaweza kuumia kimyakimya. Mweka hazina wa zamani anaifuta apu mbele ya wanachama, watu wanapiga makofi, na kila mtu anadhani amemaliza. Kufuta apu kwenye simu hakumwondoi mtu benki. Kwenye rekodi za benki bado ni mtia sahihi, na anaweza kuomba kusajili simu nyingine.

Anayemwondoa ni benki, baada ya kupokea kumbukumbu za mkutano zilizotiwa sahihi, zikitaja anayetoka na anayeingia. Pelekeni kumbukumbu hizo ndani ya siku chache baada ya uchaguzi, ombeni barua inayothibitisha kwamba aliyetoka ameondolewa, na iwekeni kwenye faili. Hadi barua hiyo ipatikane, viongozi wapya waombe taarifa ya benki kila wiki na kuisoma pamoja. Anayetoka naye ana haki ya kupata nakala ya barua. Ikiwa kitu kitaharibika mwaka ujao, ndiyo kinga yake.

Mtia sahihi akifariki, familia isisumbuliwe kutoa simu yake wala PIN yake. Hata wakikubali, kuidhinisha malipo kwa simu ya marehemu ni kujifanya yeye. Benki itahitaji hati ya kifo na kumbukumbu za kumteua mwingine. Hii ndiyo sababu ya kushauri watia sahihi watatu ambapo wawili wanatosha. Kikundi kinachohitaji wote watatu kitakaa bila kulipa chochote hadi karatasi zikamilike, na wakati wa kununua mbegu haungoji.

Ukishuku kwamba umetapeliwa, mpigie benki kwanza ili akaunti izuiwe, ndipo uende kituo cha polisi kuandikisha taarifa na kupata nambari ya OB. Nambari za matapeli wanaotumia laini za Safaricom zinaweza kutumwa kwa ujumbe mfupi kwenda 333 bila malipo. Nenda na simu yenyewe ikiwa na jumbe zote. Usifute hata moja, hata zile zinazokuaibisha.